Herufi Isiyoganda

Damu ya Saumu ilishuka hadi nne.
Malaria imeila kama mchwa alavyo boriti,
kwa ndani, nje rangi ya ukuta haijabadilika.
Viganja vyeupe, ulimi mweupe,
na mimi wodini Bombo nimemfunika shuka
kama ufunikavyo bakuli usilotaka watu walichungulie.

Walitupima, mimi na Hemedi.
Semkuya wa maabara, kijana wa Muheza,
ana kigae cheupe chenye vishimo:
anadondosha damu, anadondosha dawa ya buluu,
kishimo cha pili ya njano,
kisha anatikisa taratibu, kama apepetaye mchele kiganjani.
Yangu iliganda kwenye buluu: A.
Ya Hemedi ikaganda kwenye njano, chengachenga: B.
Ya mtoto haikuganda popote.
Ikabaki laini, imetulia,
kama haikuulizwa kitu.

"O," akasema. "Nyinyi wawili hamwezi kumpa."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na chupa ya uji.
Miaka sita nasubiri aseme.
"Baba B, mama A. Hiyo O imeingilia dirisha gani?"
Hakupandisha sauti. Kwao Barabara ya Kumi na Tano
sauti haipandishwi, hushushwa,
mpaka vitanda vyote vinyamaze kuisikiliza.

Hemedi akatazama viatu vyake.
Na hilo nalo nililisikia.

Semkuya akageuza boksi la glovu, akachora.
Kila mtu ana herufi mbili,
moja kaachiwa na mama, moja na baba,
ila moja huweza kuiziba nyenzake mdomo.
"A ikikaa na O, kipimo kinaona A.
B ikikaa na O, kipimo kinaona B.
O haijaenda popote. Iko uani, inaosha vyombo,
siku ikikutana na O mwenzie ndipo hutoka sebuleni.
Katika watoto wanne, yamkini mmoja.
Yamkini asiwepo. Hesabu hii haina mkataba."

"Michoro hata mimi nachora," mama mkwe akasema.
"Nipime. Mimi ndiye chimbuko la hiyo B."
Akanyoosha kidole, hina imefifia kwenye ukucha.

Buluu: kimya.
Njano: kimya.
Tone lake likakaa kigaeni
vilevile kama la mjukuu.

B ilikuwa ya marehemu mumewe.
Yeye, alichompa Hemedi ni O,
hakuwa na kingine cha kumpa.

Nilisema neno? Hapana.
Nilikuwa nayo ya miaka sita,
nimeyapanga kama sahani za wageni,
na siku ya kuyapakua mikono haikufika rafu ya juu.

"Basi chukua yangu," akamwambia Semkuya.
"Una miaka sabini na mmoja, mama."
"Damu haizeeki."
"Mwenyewe anazeeka."

Damu nzito kuliko maji, ndivyo tulivyolelewa.
Kwenye friji mlikuwa na mfuko mmoja wa O,
una namba, hauna jina.
Labda wa mwanafunzi wa Usagara, Semkuya alikisia,
walipita huko wiki iliyopita:
kijana kakunja shati, kapewa soda na biskuti,
karudi darasani kwenye hesabu zake.
Ikamwingia mwanangu tone kwa tone mpaka adhuhuri,
na midomo ikaanza kurudi, kwanza pembeni.

Mama mkwe hakuniomba radhi.
Hajawahi, na sidhani kama ataanza uzeeni.
Alimimina uji kwenye kifuniko, akapuliza,
akapuliza tena ulipokwisha poa,
na mtoto aliyezoea kumwita "huyo mwanao"
akamwambia: "Kunywa, somo yangu."

Somo! Yeye Mwanakheri, mtoto Saumu.
Nilikaa kwenye kiti cha plastiki
nikayapitia majina yao herufi kwa herufi.
O hamna hata moja.
Sikumsahihisha.